Jina Juu ya Jalada

Mwandishi wa riwaya za upelelezi ni kiumbe wa ajabu. Ataua watu kwa kalamu tangu alfajiri bila kupepesa, halafu akiona kuku anachinjwa anakimbilia chumbani na kuziba masikio. Laurencia Wilibrodi alikuwa wa kabila hilo. Jumamosi ile, katika ukumbi wa parokia pale Karatu mjini, alikuwa anazindua kitabu chake cha nne, na koo lilikuwa limemkauka kuliko la bibi harusi.

Tusimcheke. Vitabu vitatu vya kwanza alivitembeza mwenyewe kwa mkono kwenye geti la Loduare, mlango wa hifadhi ya Ngorongoro, akiwauzia madereva wa magari ya watalii. Dereva wa watalii ana kitu ambacho maprofesa hawana: muda wa kusubiri. Wageni wake wakiwa wanapiga picha nyani, wakigombania choo, wakisubiri vibali vyao vitoke, yeye ameegemea usukani na kitabu. Na hao ndio waliokuwa wahakiki wake wa kwanza, wahakiki wasiojua kubembeleza.

"Dada Lau, mpelelezi wako anakunywa chai mno. Kazi anafanya saa ngapi?"

"Dada, maiti imechelewa! Mimi nimeshuka kreta nimepanda, nimefika geti la kutokea, hajafa mtu!"

Alicheka nao, akarudi nyumbani Ganako akalia, kesho yake akafuta sura mbili nzima. Ndivyo alivyojifunza kazi.

Ni pale pale getini alipokutana na Lesiamon. Alikuwa mwongoza watalii, kijana mrefu wa Nainokanoka, shati la kampuni juu na shuka begani. Alinunua kitabu asubuhi. Kabla ya mchana akamrudia Laurencia, akakigonga jalada kwa kidole.

"Muuaji ni mpishi."

"Umefungua mwisho!"

"Niko ukurasa wa arobaini. Mpishi wako anacheka kabla mzaha haujaisha. Mtu wa namna hiyo ana jambo."

Laurencia alimtukana. Mapenzi ya wengine huanza kwa ua, yao yalianza kwa tusi, na tusi lile lilikua likazaa. Ilikuja kujulikana kwamba Lesiamon naye anaandika. Alikuwa na riwaya mbili za wizi wa mifugo, nzuri tu, zilizolala kwenye maboksi kwa mama yake kwa sababu hakujua kuzipigia debe. Wakawekeana sheria moja: hakuna kumwonyesha mwenzako mswada. Utasoma kikishachapwa, kama mnunuzi mwingine yeyote, kisha utasema kweli usoni. Na kila kitabu cha Laurencia kilipotoka, Lesiamon alimtaja muuaji kabla ya nusu. Cha tatu alimtaja sura ya tatu, akiwa anakula ndizi.

"Cha nne," Laurencia alimwapia siku hiyo, "cha nne hutampata. Utafika mwisho umekodoa macho kama mtalii aliyeona faru."

"Nishinde mara moja tu," Lesiamon alicheka, "nitakuoa."

Basi hicho cha nne ndicho kilichokuwa kinazinduliwa. Na kuoana nako kulikuwa karibu, baada ya vita vya miaka miwili. Mzee Wilibrodi, baba yake Laurencia, mkulima wa mahindi na maharage asiyehama hata kwa mafuriko, alikuwa amekataa katakata. "Mmasai anahama na ng'ombe. Wewe unahama na kalamu. Nyumbani atabaki nani, paka?" Kule juu nako, Nanyokie, mama yake Lesiamon, alikuwa ametoa hukumu yake mwenyewe: "Mwanamke asiyejua kukamua atamnywesha nini mwanangu? Wino?" Lakini maji hutoboa jiwe. Wazee wa Lesiamon walikuwa waje Ganako na asali ya posa Jumamosi inayofuata. Na Nanyokie, kwa hiari yake, alikuwa amesema atatangulia kuja kumwona huyo binti kwenye shughuli yake.

Lesiamon alikuwa ametembea na wageni kwa miguu kutoka Empakaai hadi Natroni, zaidi ya wiki hana mtandao. Alimpitia mama yake, wakaja moja kwa moja. Hivyo hakuwa ameona bango. Hakuwa ameona chochote.

Ndani ya ukumbi, Remigius, mchapishaji kutoka Arusha, alikuwa ameshika kipaza sauti kama mhubiri aliyesahau muda. Nyuma yake lilining'inia bango refu lenye jalada la kitabu: korongo, mkuki, na herufi nyekundu zenye ukubwa wa debe. *Nani Kamuua Senteu.*

"Nikisema 'nani kamuua', ninyi mnajibu kwa nguvu! Wa nyuma huko, mmekuja kula tu? Haya! Nani kamuua?"

"Senteu!"

"Sijasikia Karatu! Nani kamuua?"

"SENTEU!"

Ni katika ukelele huo wa pili ambapo mlango ulifunguliwa. Laurencia, aliyekaa jukwaani, alimwona Lesiamon kwanza, moyo ukamruka kama kawaida yake. Akamwona na mama, mwembamba, amesimama wima, shanga nyeupe shingoni, shuka jipya la buluu. Alianza kutabasamu. Kisha alimwona Nanyokie akigeuka haraka kutazama nyuma yake, nje, uwanjani, kama mama anavyogeuka akisikia mwanawe anaitwa.

Hakukuwa na mtu uwanjani.

Ukumbi ukaitika tena. Nanyokie akavuta shuka akaziba mdomo. Lesiamon alikuwa anasoma bango, herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Halafu akamshika mama yake kiwiko, wakatoka, na mlango ukajifunga polepole bila hata kelele.

Laurencia akasoma kurasa alizopangiwa. Angefanyaje? Watu walikuwa wamekaa. Na riwaya ya upelelezi isiyomtaja marehemu haipikiki, ni ugali bila maji. Kila aya ilikuwa na lile jina. Alikuwa akilifikia, anajaribu kulimeza, spika zinalitema kubwa kuliko alivyolimeza. Watu walipiga makofi. Alitia saini vitabu mpaka kidole kikauma. Alipopata upenyo alipitia mlango wa jikoni, kati ya masufuria ya pilau, akatokea nyuma ya ukumbi.

Landikruza ilikuwa imeegeshwa chini ya mkaratusi. Kwenye kiti cha mbele alionekana mtu aliyejifunika gubigubi. Lesiamon alikuwa amesimama mbali kidogo, kando ya tangi la maji, kitabu kiko wazi mkononi. Alikuwa amekinunua pale pale mlangoni.

"Hukunisubiri hata nishuke jukwaani," Laurencia alisema.

"Nimekusubiri. Nimefika sura ya tisa nakusubiri."

"Na mama?"

"Anasema kichwa kinamuuma. Mama yangu hajawahi kuumwa kichwa, Lau. Kichwa kimeanza leo."

"Ni lile jina."

"Unaniuliza au unaniambia?"

Laurencia akasogea. Alitaka kumshika mkono kama siku zote, lakini mkono wenyewe ulikuwa umeshika kitabu, kidole kikiwa katikati ya kurasa. "Nilitaka kumuenzi kaka yako, Lesi. Nilitaka watu wamjue. Mtu mzuri namna ile azikwe tu kimya, asitajwe na mtu?"

"Ndiyo. Ndivyo tunavyofanya. Azikwe asitajwe." Sauti yake haikupanda, ingepanda Laurencia angepata nafuu. "Nilikuambia mara moja. Tulikuwa ukingoni kule juu, ukungu umetanda hata kreta haionekani, wageni wangu wananung'unika. Nikakuinamia sikioni nikakunong'oneza. Nilikuwa sijalitamka tangu niko kidato cha tatu. Nilikunong'oneza wewe. Sikumnong'oneza Remigius na maspika yake."

"Najua."

"Na nilikuambia kwetu kijana akifa hajaoa, jina linaenda naye. Binamu yetu alikuwa na jina hilo hilo, akabadilishiwa, akawa Metui. Leo ukimwita kwa lile la zamani hageuki. Nilikuambia au sikukuambia?"

"Uliniambia."

"Ukadhani ni porojo za watalii."

"Nilidhani ni majonzi!" Machozi yalikuwa karibu, na yeye hakuyataka. "Nilidhani ni mambo ya wazee, wewe umesoma, umezunguka..."

"Nimesoma. Kwa hiyo kusoma kumeninyang'anya mama?"

Jikoni mtu aliangusha mfuniko, wanawake wakacheka. Laurencia akavuta pumzi. "Tena jina lenyewe si lenu peke yenu. Loliondo mpaka Longido wamejaa akina Sen..."

Lesiamon akainua kiganja. Jina likakatikia njiani.

"Wamejaa," alisema. "Lakini huyu wako ana kovu juu ya nyusi. Huyu wako anapiga mluzi akinywesha ng'ombe. Huyu wako amekutwa korongoni asubuhi, ng'ombe hawapo, aliyemfanyia hayo hajulikani. Lau, hukuchukua jina. Umemchukua mzima mzima, ukamwacha miguu tu kaburini."

Wengine wangenyamaza hapo. Lakini mwandishi ni mwandishi, hata akishikwa ugoni atataka kueleza alivyopanga sura. "Nilijaribu mengine," alisema kwa sauti ndogo. "Nilimwita Parmuat. Nikamwita Clemensi, nikamhamishia Mbulu. Hayakukaa. Nikiandika Parmuat, hakuna aliyekufa. Nikiandika lile, nalia."

"Ungelia. Halafu ukafuta."

Mara Mzee Wilibrodi akatokea kwenye kona ya ukumbi, koti lake la misa limembana, sahani ya pilau mkononi. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Mzee yule alikuwa hana shule kubwa ila pua alikuwa nayo.

"Shikamoo baba," Lesiamon alisema.

"Marahaba. Mama yako hali? Pilau imeiva. Au kwenu wali mnaogopa, mnadhani ni mabuu?"

"Atakula, baba. Amepumzika kidogo."

"Haya." Mzee akatafuna. "Jumamosi tunawasubiri, shangazi za huyu wameshakoroga pombe. Ila nawaambia ninyi wawili, mkiumaliza ugomvi wote kabla ya posa, kwenye ndoa mtagombania nini? Bakizeni." Akaondoka, lakini kabla ya kupotea kwenye kona aligeuka akamtazama binti yake, na lile jicho halikuwa na mzaha. Lilikuwa linauliza kama ajiandae kusema nilikuambia.

Kabla hawajarudi kwenye maneno yao, Remigius naye akaja mbio, simu juu kama mtu aliyekamata samaki.

"Lau! Umesoma? Gazeti limetoa uhakiki, ukurasa mzima! Yule mhakiki ambaye hajawahi kumsifu mtu, aliyesema kitabu chako cha pili kifungiwe maandazi! Sikiliza." Akasoma akitweta. "'Laurencia Wilibrodi amefanya tusichokitegemea. Huyu marehemu hasahauliki. Jina lake litabaki midomoni mwa wasomaji muda mrefu baada ya kufunga kitabu.' Umesikia? Midomoni! Arusha maduka yameshaomba vingine. Jumatatu naingiza toleo la pili mtamboni. Bwana shemeji, una mke mwandishi!" Akampiga Lesiamon begani, akakimbia kurudi kwa wageni.

Laurencia alikuwa ameusubiri uhakiki huo miaka tisa. Aliwahi kuuota, akaamka akitabasamu. Sasa umekuja, na umemkuta amesimama kando ya tangi la maji bila hata mtu wa kumkumbatia.

"Midomoni," Lesiamon alirudia.

"Lesi..."

"Mwambie asichape tena. Na vilivyobaki avirudishe."

"Unajua unachoniomba?"

"Najua. Mimi pia naandika."

Hapo ndipo ulimi wa Laurencia ulipomponyoka. Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja. "Unaandika? Vya kwako viko kwenye maboksi vinaliwa na mchwa! Sema tu kweli. Si kaka, si mama. Kinakuuma kwamba gazeti limeniandika mimi."

Alijuta kabla neno la mwisho halijatoka. Lesiamon alikitazama kile kitabu, akakifungua pale penye kidole chake, akakifunga.

"Mchwa wanavila, ni kweli," alisema. "Na hili nitakuambia, kwa sababu tuliahidiana kusema kweli. Kitabu ni kizuri. Ni kizuri kuliko vyako vyote, kuliko vyangu. Nilikuwa na hasira nikashindwa kukiweka chini. Na muuaji..." Tabasamu likapita usoni mwake, lile la zamani la getini, lililochoka. "Sura ya tisa, Lau, na sijamjua. Umenishinda."

Maneno hayo ndiyo aliyokuwa ameyaandikia kitabu kizima. Yalipomfikia, mwili ulimpoa kuanzia unyayoni.

Maana alijua kilichokuwa kwenye sura ya ishirini. Alipokuwa anamtafuta muuaji ambaye Lesiamon hawezi kumnusa, aliwapitia wote. Jirani mwenye wivu, angemnusa. Mfanyabiashara wa mnadani, angemnusa. Mpenzi wa siri, ndiyo kabisa. Akajiuliza: huyu mwanamume, katika dunia nzima, ni mtu gani ambaye hatamshuku hata siku moja? Jibu likaja lenyewe, jepesi, tamu, kama majibu mazuri yanavyokuja. Hatajishuku mwenyewe. Basi akampa marehemu mdogo wake mmoja, mpole, msomi, mpendwa wa mama, akamwita Sakaya. Na kwenye sura ya ishirini, Sakaya akatoa kisu.

Lesiamon alikuwa mdogo pekee wa marehemu.

"Nipe hicho kitabu," Laurencia alisema, akanyoosha mkono.

"Nimekinunua."

"Nipe, Lesi. Usimalizie. Nakifuta. Nakifuta chote!" Alikuwa tayari anabonyeza simu. Remigius alipopokea, kelele za ukumbi zikaja naye. "Remi, usichape toleo la pili. Ndiyo, nimesema. Na vya madukani vikusanye... Sijalewa! Kwa hiyo kibadilishiwe nini, jalada? Hapana. Nasema kife... Najua. Najua wasomaji hawatamnunua Parmuat. Mimi ndiye mwandishi na mimi nimesema kife." Akakata. Mkono uliokuwa na simu ukaning'inia.

Uso wa Lesiamon ulikuwa umelegea, na kwa mara ya kwanza tangu aingie ukumbini alimtazama kama mtu wake.

"Umefanya hivyo kwa ajili ya mama yangu?"

Angesema nini? Kidogo ilikuwa kwa ajili ya mama. "Kwa ajili yetu," alisema, na hilo nalo lilikuwa kweli kwa namna yake.

Lesiamon akainama pale penye tangi, mahali ambapo maji yanavuja na nyasi hazikauki. Akang'oa shada, akakung'uta udongo, akamwekea kiganjani, akamfunga vidole kimoja kimoja kwa vidole vyake. Walikuwa karibu kiasi cha Laurencia kunusa vumbi la Natroni kwenye shuka lake.

"Kwetu mtu akija ameshika majani mabichi, anaomba amani. Hata awe amekosa nini, hapigwi. Njoo umwambie mwenyewe. Nitatafsiri. Kiswahili cha mama ni cha mnadani tu."

Wakaenda. Lesiamon akafungua mlango wa gari. Nanyokie akajifunua taratibu. Macho yalikuwa makavu, mekundu. Laurencia akainamisha kichwa kama mtoto anavyowaamkia wakubwa, akanyoosha yale majani kwa mikono miwili.

"Mama, nimekosa. Nimetaja nisichopaswa kutaja. Nimekisimamisha kitabu, hakitachapwa tena. Naomba unisamehe."

Lesiamon akatafsiri. Mama akasikiliza hadi mwisho. Kisha akayapokea majani, akaweka kiganja chake juu ya kichwa cha Laurencia, kiganja kigumu na chenye joto, akaongea kidogo.

"Anasema mtoto huangukia ndani ya nyumba ya mama yake," Lesiamon alisema. "Anasema Jumamosi watakuja."

Laurencia akalia waziwazi. Nanyokie akamfuta shavu kwa pindo la shuka, akamwambia kwa Kiswahili chake, "Nyamaza, binti. Nyamaza." Na pengine ingeishia hapo. Riwaya nyingi za mapenzi huishia hapo, na wasomaji wake hulala vizuri.

Lakini Nanyokie alikuwa anakitazama kile kitabu kwapani mwa mwanawe. Akasema jambo lingine, taratibu, akichagua maneno. Lesiamon hakutafsiri mara moja.

"Anasema nini?"

"Anasema amewasikia watu pale nje. Wanasema vitabu vyako havimwachi muuaji, ukianza kutafuta unapata." Akakohoa. "Anauliza, mle kitabuni, aliyemfanyia mwanawe hayo alipatikana?"

"Mwambie ni hadithi tu."

Akamwambia. Mama akajibu kwa ufupi.

"Anasema anajua ni hadithi. Anauliza alipatikana?"

Laurencia alitazama yale majani mkononi mwa yule mama. "Alipatikana," alisema.

Lesiamon akatafsiri kwa neno moja. Nanyokie akafumba macho. Kifua chake kikashuka, kama mtu aliyetua kuni alizobeba tangu mbali. "Ashe," alimshukuru Laurencia. "Ashe oleng." Kisha akafumbua macho akauliza tena, na safari hii hata Laurencia hakuhitaji tafsiri.

"Ni nani?" Lesiamon alisema. Akatabasamu kidogo. "Utaniharibia utamu, mimi bado niko sura ya tisa. Lakini leo sheria tumevunja nyingi, ongeza na hiyo. Sema."

"Lesi, usinilazimishe."

"Mama anasubiri."

Angeweza kudanganya. Kudanganya ndiyo kazi yake, analipwa kwa hiyo. Lakini kitabu kilikuwa kwapani mwa Lesiamon, na sura ya ishirini ilikuwa humo humo, naye humaliza kila kitabu anachokianza.

"Mdogo wake," alisema.

Lesiamon alifungua kinywa kutafsiri. Ndivyo alivyozoea, miaka nenda rudi anasikia neno upande huu analitoa upande wa pili, bila kulionja. Kinywa kikabaki wazi. Laurencia aliliona lile neno likishuka, likimfikia. Lesiamon alimtazama kama alivyolitazama lile bango, herufi moja moja.

"Lesiamon?" mama aliita.

Akageuka kwake. Akaongea Kimasai, maneno mengi kidogo, kwa upole, mkono wake juu ya goti la mama. Nanyokie aliitikia, akaitikia tena, akashusha pumzi, akasema neno kwa uhakika, akilipigapiga goti kwa shada la majani. Lesiamon akafunga mlango wa gari polepole.

"Umemwambia nini?" Laurencia alinong'ona.

"Nimemwambia alikuwa mpita njia. Mtu asiyejulikana, alitoka mbali, akaenda mbali." Alikuwa anatazama mkaratusi, hamtazami yeye. "Amefurahi. Anasema siku zote alijua hawezi kuwa mtu wa nyumbani."

"Lesi, nilitaka tu usimjue. Uliniambia nikushinde. Nilikuwa natafuta mtu ambaye..."

"Nimeelewa ulivyomtafuta. Ningekuwa mimi ningefika hapo hapo. Ni akili sana." Akakitoa kitabu kwapani, akakilaza juu ya boneti. "Korongoni kule polisi walinihoji na mimi, Lau. Nilikuwa na sare ya shule. Wakaniuliza jana yake nilikuwa wapi. Mama alikuwa amesimama pale anasikiliza nikijibu. Hilo sikuwahi kukuambia hata kwa kunong'ona."

"Sikujua. Naapa, sikujua!"

"Hukujua. Ulitunga." Akauliza, bila ukali, kama mtu anayeuliza njia: "Ukiandika jina lake, ulisema, unalia. Na ule ukurasa wangu? Ulilia?"

Laurencia akafungua kinywa. Aliikumbuka asubuhi ile vizuri sana, Ganako, jua kwenye maharage, kalamu inakimbia yenyewe. Hakulia. Sura ya ishirini aliiandika akiimba, hata baba yake aliuliza kutoka uani leo kuna sikukuu gani.

Lesiamon alisubiri kidogo, kama anavyosubiri wageni wamalize kupiga picha, kisha akatikisa kichwa, maana alikuwa na kipaji cha kujua kabla ya mwisho.

"Kuhusu Jumamosi nitamwambia mama kitu," alisema. "Nimeshaanza kumdanganya leo, sitashindwa kuendelea."

Akazunguka, akaingia kwenye gari, akawasha. Landikruza ikarudi nyuma, kitabu kikaporomoka kutoka kwenye boneti, nayo ikageuka, ikapita mbele ya ukumbi ambako watu waliotoka kula walikuwa bado wanaitana kwa mzaha, nani kamuua, wakijibizana na kuchekana. Kioo cha upande wa Nanyokie kikashuka. Mama akatoa mkono nje, na lile shada la majani ndani yake, akampungia Laurencia kwa furaha kubwa.

"Jumamosi!" alipaza sauti. "Jumamosi, binti!"

Laurencia akainua mkono, akampungia.